"Lakini huku bangi ni halali": dhana zinazoharibia watu makaratasi Marekani

Jamani hii nimeichoka. Mtu ana green card, anaomba uraia, ananiletea slipu za mshahara wa duka la bangi kwa raha zake, namuuliza kaka vipi tena, ananijibu "wakili, Colorado ni halali, tena tunakatwa kodi". Kweli ni halali, walipiga kura 2012 na maduka yakafunguliwa Januari 2014, ila uraia hautolewi na Colorado!

Jimbo likihalalisha bangi maana yake lenyewe halitakushtaki, basi, haliwezi kufuta sheria ya serikali kuu ya dawa za kulevya ya 1970, na Mahakama ya Juu ilishamaliza ubishi 2005 kwenye kesi ya Gonzales v. Raich, wagonjwa wa California waliokuwa wanatumia bangi ya kupandwa nyumbani, halali kabisa kwa sheria ya jimbo lao, wakashindwa. Na uraia unaamuliwa na serikali kuu. USCIS, idara ya serikali kuu inayoshughulikia maombi ya uraia, waliandika wazi Aprili 2019 kwamba kuvuta, kuuza au hata kuajiriwa kwenye hiyo biashara kunaweza kukukosesha sifa ya mwenendo mwema inayotakiwa kwa uraia, na si lazima ukamatwe, ukikiri kwenye intavyuu inatosha. Kuna kamsamaha kadogo, kosa moja tu la kukutwa na gramu 30 kushuka chini za kuvuta mwenyewe, ila mshahara wa dukani hauingii humo, na kadi ya daktari haikuokoi. Mimi nasema kila siku, mpaka uape kiapo cha uraia kaa mbali na hiyo kitu, kama ulishaigusa ongea na wakili kabla ya intavyuu, na usidanganye, uongo una kesi yake.

Na dhana nyingine ninazozisikia: "Rais atanisamehe." Kosa la jimbo hawezi, hilo ni la jimbo lenyewe.

"Jimbo likishanihukumu nimemalizana nao wote." Muulize jamaa anaitwa Gamble, Alabama walimshtaki kwa kukutwa na bastola, serikali kuu ikamshtaki kwa bastola ile ile, 2019 Mahakama ya Juu ikasema sawa.

"Texas hakuna kodi ya mapato." Ya jimbo haipo. IRS, watoza kodi wa serikali kuu, wanakusubiri.

"Serikali kuu iko juu kwa kila kitu." Wapi, talaka na leseni ya udereva ni mambo ya jimbo, ila hapo kwenye leseni kuwa makini, wanaweza kukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura, huna uraia sema hapana, maana kujidai raia wakati sio kunakufuata mpaka uhamiaji.