"Ramani ya hatari" ya maporomoko: hatari ipi?

Kila masika yakichachamaa, tunasikia tena kwamba nchi za Maziwa Makuu zioanishe "ramani za hatari" za maporomoko ya ardhi. Wazo zuri. Kinachonikera ni hilo neno hatari.

Kuoanisha, kwa kifupi, ni kukubaliana kipi kihesabiwe kuwa poromoko, kiandikweje, na kila rangi ina maana gani, ili ramani za pande mbili za mpaka zisomeke kama moja. Basi.

Sasa turudi kwenye neno. Hatari ni Kiarabu, khatar, nasi tumelituma kila mahali: chui ni hatari, kona ya barabara ni hatari, hata mshambuliaji wa Simba ni hatari. Mchora ramani hawezi kulitumia hivyo. Udongo, miamba na ukali wa mteremko vinakuambia ni wapi pepesi kuporomoka, hakuna zaidi. Hatari, kama mwanajiolojia David Varnes alivyoifafanua katika kitabu cha UNESCO cha 1984, inadai na muda: uwezekano wa tukio ndani ya kipindi fulani. Ukishaingiza watu na nyumba zao, unazungumzia jambo la tatu, yaani hasara inayoweza kutokea. Ramani za Kifaransa za upande wa Kongo hiyo ya pili, yaani hatari yenye muda, huiita aléa, kutoka Kilatini alea, mchezo wa dadu. Nalipenda neno hilo. Dadu huulizi iko wapi. Unauliza itarushwa mara ngapi.

Tazama Bukavu, mji wa Kongo ulio mpakani. Mtaa wa Funu umekaa juu ya poromoko linalosogea polepole, mwaka nenda mwaka rudi. Ukuta unapasuka, mwenye nyumba anaziba ufa, maisha yanaendelea. Vuka mto Ruzizi, uko Rwanda. Je, fomu ya pamoja yenye kisanduku cha "tarehe ya tukio", Funu utaijazaje? Tena Mei 2023, ndani ya wiki moja, mvua ziliua zaidi ya watu 130 Rwanda na zaidi ya 400 Kalehe, upande wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Kivu. Je, yaandikwe mafuriko au maporomoko?

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukionyeshwa ramani nyekundu, uliza tu: ndani ya miaka mingapi? Wakikosa jibu, hiyo ni ramani ya wepesi wa kuporomoka. Si mbaya, ila waiite kwa jina lake.