Vijitabu vya bure vya maisha ya waandishi: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Mwanzoni mwa karne ya 20 wachapishaji wa Marekani walijua fika kwamba msomaji aliyenogewa na riwaya hutaka pia kumjua aliyeiandika. Wakawa wanachapa vijitabu vyembamba vya maisha ya mwandishi na kuvigawa ili wauze riwaya zaidi. Leo vina wakusanyaji wake, na maneno ya mitaani kuvihusu hayakosekani.

"Kaandika mtu wa nje, hana upande." Hii ndiyo inayowapoteza wengi. Chukua kijitabu cha Doubleday, Page & Company kuhusu Gene Stratton-Porter wa Indiana, aliyeandika *Freckles* (1904) na *A Girl of the Limberlost* (1909). Mwandaaji wake anakiri tangu mwanzo kwamba kampuni ilimwomba mama huyo maelezo ya maisha yake, na yalipofika yakawa matamu kiasi kwamba yeye kazi yake ikabaki kuongeza machache tu. Kwa hiyo unayemsikia humo ni mwandishi anayejisimulia, na anayelipia ni kampuni inayouza vitabu vyake. Mwandishi mwenzake wa riwaya, Willa Cather, alikwenda mbali zaidi: wasifu uliomo katika kijitabu cha 1926 cha mchapishaji wake, Knopf, aliuandika mwenyewe, bila kutia jina. Na Harold Bell Wright, mwandishi mwingine wa riwaya? Maisha yake yaliandikwa na Elsbery Reynolds, huyo huyo aliyekuwa mchapishaji wake kule Chicago. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mimi sioni kwamba hilo linavishusha hadhi. Ukitaka kujua mwandishi alipenda aonekaneje mbele ya wasomaji wake, hakuna pa kutazama pazuri kuliko hapo.

"Mchapishaji hawezi kukosea mwaka wa kuzaliwa." Anaweza, hasa akiupata kwa mwenyewe. Cather alizaliwa Desemba 1873, lakini baadaye akajipunguzia miaka, na jiwe la kaburi lake huko Jaffrey, New Hampshire, limechongwa 1876. Kama jiwe limekubali, karatasi ya matangazo itakataa nini? Linganisha na sensa au barua za familia.

"Kisicho na tarehe hakijulikani umri." Kinajulikana, ila kwa kazi kidogo, na kwangu hapa ndipo penye raha. Kigeuze utazame kurasa za nyuma, kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa. Kitabu kipya kuliko vyote kwenye orodha kinakuwekea mpaka wa chini: ukiona *Michael O'Halloran* ya Stratton-Porter imetajwa kuwa tayari iko sokoni, kijitabu hicho si cha kabla ya 1915. Kisha tazama jina la kampuni. Doubleday, Page lilidumu kuanzia 1900 hadi 1927, kampuni ilipoungana na ya George H. Doran na kuitwa Doubleday, Doran. Hapo tayari una mpaka wa chini na wa juu. Kwa sababu hiyo usiuze nakala ya pili kabla hujazipanga zote mbili mezani. Maneno yanaweza kuwa yale yale huku orodha ya nyuma imeongezeka.

"Cha bure ni tele." Kinyume chake. Riwaya ilinunuliwa, ikawekwa kabatini. Kijitabu kilisomwa kikatupwa, na maktaba nyingi hazikujisumbua kukiorodhesha. Ila adimu si lazima kiwe ghali, maana wanunuzi nao ni wachache. Anayekutajia bei ya kutisha kwa sababu ya uadimu peke yake, mwache aendelee kukaa nacho.

"Kikichanika, tia selotepu au kilaminetishe." Hapana. Gundi ya selotepu hugeuka njano na kuingia kwenye karatasi, na lamineti haibanduki bila kuharibu. Tumia mfuko wa plastiki angavu ya poliesta, usiwe wa plastiki ya PVC, au bahasha isiyo na asidi. Anayeishi Pwani ana adui wa ziada: pini za katikati hushika kutu haraka kwa unyevu, na kutu hula karatasi kuzunguka matundu. Usizing'oe kwa kisu. Zinyanyue miguu taratibu kwa upande wa ndani, ukiwa umetanguliza kipande cha plastiki chembamba chini yake.