Gari inang'aa, chini yake puti tupu

Juzi kaja dada mmoja gereji na IST yake, kaitoa yadi hapa hapa Dar hata miezi miwili haijaisha, anataka tu nimtolee mkwaruzo kwenye mlango wa nyuma kushoto, bodaboda alimpitia nao kwenye foleni. Kazi ndogo. Naanza kupiga msasa, rangi ikatoka, ikaja praima ya kijivu, halafu ukaanza kumwagika unga laini rangi ya krimu nikasimama hapo hapo, maana bati halitoi unga. "Fundi, kwani kuna nini?" Nikamwambia dada hii ni puti, ile ya kujazia palipobonyea kabla ya kupaka rangi. Nimechimba milimita 4 ndo nakutana na bati, nalo limekunjamana.

Mlango uliobonyea peke yake haunitishi, hata yangu imenyooshwa. Nikavuta ile raba ya mlango kwenye nguzo ya katikati, ile iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Ukiivuta kwenye gari ambayo haijaguswa unaona vidoti vya welding ya kiwandani, viduara vidogo vimepangana kwa nafasi sawa. Hapa vidoti hakuna, kuna welding ya mkono imesagwa na grenda ikapakwa rangi juu. Na nguzo hiyo ndo inashika mkanda, ndo inamkinga mtu akigongwa ubavuni, na huyu dada anapakia watoto kila asubuhi. Iliniuma sana.

Yadi walimwambia gredi 4, yaani gari safi, haijawahi kugongwa. Tukaitafuta karatasi ya mnada wa Japani, ile wanayoandika hali ya gari kabla haijauzwa, kwa chesisi namba: gredi R, yaani ilishagongwa ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari ulio kwenye karatasi hiyo A ni mkwaruzo, U pamebonyea, W palishanyooshwa, XX kipande kimebadilishwa, na kwake W imekaa kwenye mlango ule ule. Wajapani waliandika kila kitu, imefika huku ikafichwa! Kuuza gari ya R sio kosa, ila useme na bei ishuke.

Kwahiyo ukienda yadi omba hiyo karatasi kabla hujatoa hata shilingi, nenda na sumaku umeifunga kitambaa, kwenye puti nene haishiki, angalia boli za madigadi kama rangi imechubuka kwenye kona, ujue zilishafunguliwa, na raba za milango vuta zote, wakikukataza ondoka.

Mlango wake sijaupaka rangi. Nimemwambia aende nao yadi vile vile bila rangi na karatasi mkononi wakauone wenyewe, wakileta ubishi anaenda Tume ya Ushindani, wale wa serikali wanaolinda wateja.