Kalsiamu unayokula siyo yote inayofika mfupani

Wengi huamini kwamba chakula chenye kalsiamu nyingi ndicho kinachojenga mifupa zaidi. Si lazima. Kinachohesabika ni kiasi ambacho utumbo unaweza kufyonza. Chukua spinachi: ina kalsiamu tele, lakini ina pia oksaleti, kemikali ya asili ya mimea, ambayo huing'ang'ania kalsiamu hiyo hadi utumbo ukaambulia takriban asilimia 5 tu. Ya maziwa hufyonzwa kama asilimia 30. Ya brokoli hufyonzwa vizuri pia, ila itabidi ule nyingi kwelikweli, maana iliyomo ni kidogo. Spinachi ni mboga nzuri, usiiache. Usiitegemee tu kwa ajili ya mifupa.

Vidonge vya kalsiamu navyo visomwe kwa makini. Miligramu 1,250 za kalsiamu kaboneti zina miligramu 500 tu za kalsiamu yenyewe. Kaboneti huhitaji asidi ya tumbo, hivyo imeze pamoja na chakula. Kalsiamu sitreti, aina nyingine ya vidonge, humezwa hata tumbo likiwa tupu. Na tafadhali, usimeze miligramu 1,000 kwa mkupuo mmoja: mwili hufyonza vizuri zaidi dozi zisizozidi 500. Vitamini D ikipungua mwilini, ufyonzaji hushuka vilevile.