Mazoezi Yanaugusa Ubongo, Lakini Usiache Dawa Kimyakimya

Tangu vikundi vya jogingi vishamiri mitaani, kitengo chetu cha afya ya akili kinapokea wagonjwa wa sonona walioacha dawa kwa uamuzi wao. Wanakimbia kila Jumamosi, wanajisikia vizuri, basi vidonge vya nini?

Nafuu hiyo ni ya kweli. Mazoezi huathiri dopamini, serotonini na noradrenalini, kemikali zilezile zinazolengwa na dawa nyingi za sonona. Ile raha ya baada ya kukimbia wengi huipa sifa endofini, kemikali ya mwili ya kutuliza maumivu, ingawa endofini ya kwenye damu huingia ubongoni kwa shida. Tafiti za karibuni zinaelekeza zaidi kwenye endokanabinoidi, kemikali za mwili zinazofanana na zile za bangi, ambazo hupenya kirahisi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 120 waliofuatiliwa mwaka mzima. Waliotembea mara 3 kwa wiki, hipokampasi yao, sehemu inayohusika na kumbukumbu, ilikua kwa takriban asilimia 2. Ya wenzao walionyoosha viungo tu ilisinyaa.

Nafuu hiyo haitokani na kutoka jasho, na hili tumelisema mara nyingi. Kujifunga nailoni tumboni na kukimbia jua la saa nane "kutoa sumu" kunakausha mwili tu. Jasho ni maji na chumvi.

Kuacha dawa kuna utaratibu. Njoo na kadi ya kliniki na vidonge vyote ulivyobaki navyo, hata vya kununua dukani. Eleza unafanya mazoezi gani na kwa muda gani. Kwa kawaida dawa huendelea angalau miezi 6 baada ya dalili kuisha, ndipo daktari hupunguza dozi kidogokidogo na kuandika kila hatua kwenye faili. Ukikatisha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi, hata hisia kama shoti ya umeme kichwani. Kwa aliyezoea diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, hatari ni degedege. Na anayekuuzia dawa ya cheti cha daktari bila cheti hicho anavunja sheria.

Mazoezi endeleeni nayo: Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba unatosha. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Mwenye mawazo ya kujidhuru asingoje tarehe ya kliniki. Aende hospitali ya karibu siku hiyohiyo, hata usiku, na ndugu amsindikize.