Vumbi na Moshi wa Maeneo ya Ujenzi: Maswali na Majibu Kuhusu Afya

Swali: Vumbi la ujenzi lina hatari gani zaidi ya vumbi la kawaida?

Jibu: Mchanga na aina nyingi za mawe zina madini yaitwayo silika, na ndiyo maana zege, matofali na vigae navyo vinayo. Silika ikiwa imetulia ndani ya jiwe haimdhuru mtu. Hatari huanza pale msumeno, nyundo ya umeme au mashine ya kusagia inapoivunjavunja kuwa chembe ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, kisha hutoka kwa chafya au makohozi. Zile ndogo hupita hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, ambako mwili hushindwa kuziondoa, na mahali zilipokaa hujengeka makovu. Makovu hayo ndiyo ugonjwa wa silikosisi, usio na tiba ya kuuondoa, na ambao huweza kuendelea hata baada ya mgonjwa kuacha kazi. Mwenye silikosisi pia hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka silika ya namna hiyo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1997.

Kwa hiyo fundi anayesema kwamba vumbi limeshatulia, kwa kuwa tu haoni wingu, anajidanganya. Wingu huanguka upesi. Chembe zinazoua huendelea kuelea kwa saa nyingi.

Swali: Moshi wa katapila, greda na jenereta nao je?

Jibu: Moshi wa injini za dizeli uliwekwa katika kundi hilo hilo la visababishi vya saratani mwaka 2012. Ndani yake mna masizi, yaani chembe za kaboni ndogo mno, pamoja na oksidi za naitrojeni zinazochochea pumu na kuwasha njia za hewa. Masizi hayaishii kwenye mapafu tu, kwani sehemu yake ndogo kabisa huingia katika damu, na uchafuzi wa chembe ndogo umehusishwa na mshtuko wa moyo na kiharusi. Jenereta ina hatari yake ya peke yake: ikiwashwa ndani ya jengo au kwenye chumba cha chini ya ardhi, hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inaweza kumuua mtu kabla hajatambua kinachomsibu. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha na milango.

Swali: Kiasi gani cha vumbi hewani ni salama?

Jibu: Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza kwamba wastani wa mwaka wa chembe zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au pungufu usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Ili kupata picha ya udogo huo, unywele wa kichwani huwa na upana wa mikromita 50 hadi 70 hivi. Hivyo ni viwango vya hewa ya watu wote, wakiwamo watoto na wagonjwa, na wala havina maana kwamba chini yake hakuna madhara kabisa.

Swali: Je, barakoa inatosha?

Jibu: Haitoshi, na ni kosa kuanza nayo. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitalini hazishiki vizuri usoni, hivyo hewa hupenya pembeni bila kuchujwa. Barakoa za kuchuja chembe, kama zile za daraja la N95 au FFP2, husaidia ikiwa zimekaza usoni, jambo ambalo ndevu huliharibu. Hata hivyo, barakoa humkinga mmoja tu, ilhali vumbi linaendelea kuwafikia vibarua wengine, wapita njia na majirani.

Swali: Basi tuanzie wapi?

Jibu: Tuanzie pale vumbi linapozaliwa. Msumeno wa kukatia zege uwe na mrija wa maji unaolowesha ukingo wa kukatia muda wote wa kazi; kumwagia maji baada ya kukata ni kuchelewa. Mahali ambapo maji hayafai, mashine ifungwe kifyonza vumbi chenye chujio la chembe ndogo. Kufagia pakavu na kupuliza nguo kwa upepo wa kompresa ni desturi zinazopaswa kukoma, kwa maana huirudisha hewani hatari iliyokwisha kutua. Nguo za kazi zibaki kazini, zisipelekwe nyumbani kukung'utwa mbele ya watoto.

Mchanga na kifusi vifunikwe kwa turubai, na malori yaende polepole kwenye njia zilizonyunyiziwa maji. Kabla ya kubomoa jengo la zamani, achunguze mtaalamu kama mabati au mabomba yake yana asbesto, yaani madini ya nyuzinyuzi ambazo zikivutwa husababisha saratani, kwa sababu asbesto huondolewa kwa utaratibu wake maalumu.

Kwa upande wa moshi, hatua ya bei rahisi kuliko zote ni kuzima injini wakati mashine inasubiri. Baada ya hapo ndipo huja matengenezo ya mara kwa mara, dizeli yenye salfa kidogo, na chujio la masizi ambalo likitunzwa huweza kunasa zaidi ya asilimia 90 ya chembe. Chujio hilo huharibika kwa mafuta yenye salfa nyingi, hivyo kulinunua bila kuangalia mafuta ni kupoteza fedha.

Swali: Mitambo ya umeme itamaliza tatizo?

Jibu: Itamaliza moshi wa eneo la kazi. Mjini Oslo, nchini Norwe, mwaka 2019, barabara moja ya katikati ya jiji ilifanyiwa ujenzi kwa kutumia mitambo ya umeme, na kelele nazo zilipungua. Lakini msumeno wa umeme ukikata zege pakavu hutoa vumbi lile lile, na mrija wa maji unabaki kuhitajika.