Kinga ya uga wa sumaku ofisini

Kila waya unaopitisha mkondo wa umeme huzungukwa na uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku husikika, na mkondo ukipanda, uga nao hupanda. Ndiyo maana mashaka huwa kwenye chumba cha transfoma na swichibodi kuu, kunakopita umeme wa jengo zima. Mombasa mzigo huo wa umeme hukua msimu wa kaskazi, joto likikaza na viyoyozi vyote vikiunguruma. Ofisi ya Moi Avenue au Nyali iliyopakana na chumba hicho ikipimwa alfajiri, vipimo havitasema lolote kuhusu saa nane mchana.

Ukuta haukingi. Mawe ya matumbawe, saruji na mbao, sumaku hupenya kama kwamba havipo. Kinga ni mabamba ya metali yanayowekwa kati ya chanzo na watu au mitambo ili uga upungue. Mabamba ya chuma huuvuta uga upite ndani yake, kama mfereji unavyopokea maji ya paa. Iko pia aloi ya nikeli iitwayo mu-metali, yenye nguvu kushinda chuma cha kawaida, lakini ni ghali, na ikikunjwa au kugongwa hupoteza sehemu ya uwezo wake. Alumini na shaba hufanya kazi kwa njia nyingine: umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na badiliko hilo huzusha mikondo ndani ya bamba, nayo hutoa uga unaopingana na ule wa kwanza. Basi viungo vya alumini vichomelewe vizuri, maana mwanya hukata mikondo hiyo. Hapa pwani nasisitiza zaidi: hewa ya chumvi hula haraka pale alumini inapogusana na chuma.

Ila kabla ya kununua bamba hata moja, chunguzeni nyaya. Nyaya za fezi (zinazoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) zikilazwa pamoja, uga wa mkondo unaokwenda na wa ule unaorudi hufutana, na unaobaki hufifia upesi kwa umbali. Nyutro ikiwa imegusana na ethi, yaani waya wa ardhini, kwenye swichibodi ndogo ya ghorofani, sehemu ya mkondo hurudi kupitia mabomba ya maji au nondo za jengo. Hapo kufutana kunavunjika, uga unasambaa mbali, na mabamba ya chumba cha transfoma hayatasaidia. Fundi akizibana nyaya zote za saketi pamoja kwa mita ya kubana, inayopima mkondo kwa kuzunguka waya, mita isome karibu na sifuri. Isiposoma hivyo, kosa litafutwe kwanza. Kusogeza madawati mbali na ukuta nako husaidia, bila gharama.

Kuhusu afya, mwongozo wa 2010 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyo ya ioni, unaweka kikomo cha mikrotesla 200 (kipimo cha nguvu ya uga) kwa umma kwenye umeme wa mizunguko 50. Mwaka 2002, IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliziweka nyuga hizi katika kundi 2B, yaani huenda zikasababisha saratani, hasa kutokana na tafiti za lukemia (saratani ya damu) ya watoto. Uhusiano wa sababu haujathibitishwa. Mitambo huathirika mapema zaidi: skrini za zamani za kioo kinene zilitikisika kwenye mikrotesla 1 hivi, na hadubini za elektroni huvurugika chini ya hapo.

Mwenye jengo adai vipimo vya kabla na baada, sehemu zile zile, mzigo wa umeme ukiwa sawa, na kiwango kinacholengwa kiandikwe kwenye mkataba.